Kaskazi Ilipotuangusha, Ngalawa Ikapanda Magogoni

Kaskazi iliyopita ilituangusha. Kwa kawaida huku Tanga upepo huo huanza kujipanga Desemba, hushika kasi Januari na Februari, kisha hulegea Machi masika yakikaribia. Mtu anayependa ngalawa kwa ajili ya mbio, wala si samaki tu, hupanga mwaka wake mzima kwa kufuata miezi hiyo. Safari hii vuli haikutaka kuondoka. Mawingu yaliganda juu ya Usambara hadi Januari inaingia, na upepo ulipokuja ulikuja kwa vipande: unapuliza kidogo, unakufa, manyunyu yanapita, unarudi kutoka upande mwingine. Walioshona tanga mpya kwa ajili ya msimu walizirudisha nyumbani zikiwa bado na harufu ya dukani.

Sababu yake inaeleweka. Kaskazi ya pwani yetu ni pepo mbili zinazopiga kwa pamoja. Ya kwanza ni upepo mkubwa wa msimu unaoshuka kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi. Ya pili ni upepo wa baharini wa kila siku: jua linapasha nchi kavu, hewa ya bara inapanda, ya baharini inaingia kushika nafasi yake. Siku nzuri ya Januari, umande, yaani upepo wa alfajiri kutoka bara, unakatika mnamo saa tatu, shwari fupi inapita, na kufika saa tano pepo zote mbili zimeungana, zinapiga hadi jioni. Mwaka ambao bara limefunikwa na mawingu, nchi haipati joto na ule upepo wa pili hauzaliwi. Unabaki na wa kwanza peke yake, nao ukiwa dhaifu, shika kafi. Miaka ambayo Bahari ya Hindi upande wetu inakuwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia unapoa, vuli huwa kubwa na hurefuka. Ilikuwa hivyo 2019, ikawa hivyo tena 2023 pamoja na El Niño. Kwa hiyo mpenda mbio anayesikia mwezi wa Septemba kwamba vuli itakuwa kubwa, asiiwekee Desemba matumaini makubwa.

Kuna jambo jingine linalosahaulika hadi upepo upungue, nalo ni mkondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, unakimbia, wakati wa kaskazi unapungua nguvu, lakini haugeuki huku kwetu. Kaskazi ikiwa na nguvu, ngalawa inayoteremka kutoka Raskazone kwenda Kigombe au Pangani haiuhisi. Upepo ukiwa hafifu, tanga linakusukuma kusini na maji yanakurudisha kaskazini, na saa nzima inapita mnazi uleule ukiwa ubavuni mwako. Dawa yake ni kukaa ndani ya miamba, karibu na ufuo, mkondo unakopungua, badala ya kutafuta upepo nje. Wengi hufanya kinyume kwa sababu nje kunaonekana kuna vipele vya upepo juu ya maji. Vipo kweli, ila havitoshi kulipa gharama ya mkondo.

Upepo mkali huficha kasoro za chombo. Ngalawa nzito, tanga lililolegea, kamba zilizonyooka kwa uchovu, vyote husukumwa tu vikaenda. Upepo hafifu hausamehi. Ndiyo maana msimu mbovu unafaa kuandikwa kwenye daftari kabla haujasahaulika: chombo kilikuwa kizito wapi, kiligoma kugeuka lini, tanga lilijikunja wapi. Orodha hiyo ndiyo kazi ya miezi ya nchi kavu, kuanzia masika ya Aprili hadi kusi itakapolegea Septemba.

Anza na kupandisha chombo. Huku kwetu maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita tatu. Chagua saa kumi ya jioni ya bamvua kubwa, uelee hadi juu kabisa ya ufuo, halafu maji yakiondoka usukume kwa magogo ya mnazi hatua chache zilizobaki. Ukipandisha wakati wa maji mafu, yanayojaa kidogo, utaona umefika juu, lakini bamvua inayofuata italifuata gogo lako, yaani mwili wa ngalawa, na kulitikisa usiku kucha. Kabla ya kusukuma fungua mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na usukani. Mirengu, ile miti ya kukingama, nayo ifunguliwe chombo kikishatulia ufuoni, kabla hujakisukuma, kwa sababu kupitisha matengo, zile mbao za pembeni, katikati ya vyombo vya watu ni ugomvi usio na maana.

Gogo la mwembe hunywa maji. Namna rahisi ya kujua limekunywa kiasi gani ni kuchora alama ndogo kwenye mstari wa maji chombo kikiwa kitupu mwanzoni mwa msimu, na kuitazama tena mwishoni. Ikiwa maji yamepanda vidole viwili juu ya alama, umekuwa ukibeba abiria asiyelipa nauli. Chombo cha namna hiyo kinahitaji wiki tatu au nne za kukauka, na kikauke kivulini. Jua la moja kwa moja hukausha ngozi ya nje haraka huku ndani kukiwa bado na maji. Nje inajikunyata, ndani haijajikunyata, na gogo linapasuka kuanzia omo (mbele) au tezi (nyuma), mahali nyuzi za mti zinapoishia. Banda la makuti linatosha. Kama hakuna banda, laza makuti juu yake na uache pengo la hewa.

Kiinue kutoka ardhini kwa sentimita thelathini au arobaini. Mawe ni bora kuliko magogo, maana mchwa hupanda kwenye gogo kimyakimya na utagundua siku ya kukirudisha majini. Wako wanaomwaga oili chafu chini ili kuzuia mchwa. Inafanya kazi, lakini mvua ya kwanza ya masika inaipeleka baharini, palepale tunapovua na kuogelea. Majivu yakiongezwa kila baada ya mvua pamoja na jicho la kila wiki yanatosha.

Maji ya mvua ni adui mbaya kuliko maji ya chumvi. Chumvi huhifadhi mbao. Maji baridi yaliyotuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, huozesha. Mvua ikiingia ndani ya chombo, yatoe siku hiyohiyo, ukaushe kwa gunia, halafu mwagia ndoo moja ya maji ya bahari. Kuna watu huona jambo hili ni la kizee. Waangalie vyombo vyao vinavyooza kuanzia kwenye tundu la mlingoti.

Kwenye nyufa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Ufa ukiwa mkavu unakuwa katika upana wake wa mwisho, na mtu akiuona mpana hivyo hushikwa na tamaa ya kuujaza pamba hadi ugome. Chombo kikirudi majini mbao zinavimba, pamba haina pa kwenda, na ufa unarefuka. Kalafati sahihi ni ya kiasi: sokota pamba iwe uzi mnene kidogo kuliko ufa, iloweke kwenye mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya ini la papa), isukume kwa patasi butu na nyundo ya mti kwa mapigo mepesi, mpaka iwe imezama chini ya uso wa mbao. Ukisikia mlio umebadilika kutoka mfu kuwa mkavu, simama. Ufa mrefu kuliko urefu wa mkono usiuamini kwa pamba peke yake. Weka kiraka cha bati au cha mbao ndani, chini yake kitambaa kilicholowa mafuta, na misumari ya shaba ikipatikana. Ya chuma hula mbao kwa kutu yake.

Baada ya kalafati huja deheni, ile inayozuia makombe na mdudu anayetoboa mbao chini ya maji. Kwanza kwangua kila kitu kilichong'ang'ania, kisha pitisha moto wa makuti makavu chini ya chombo, haraka haraka, mwali uguse bila kuunguza, ili kuua kilichojificha ndani ya matundu. Yeyusha shahamu kilo moja kwa moto mdogo, utoe motoni, ongeza chokaa iliyochekechwa kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Ipakwe ikiwa na joto, kwa mkono uliovaa kitambaa. Ikipoa haishiki, na ikiwa na chokaa nyingi itabanduka kwa magamba ndani ya wiki. Deheni ni ya chini ya mstari wa maji tu. Juu yake paka sifa, mara mbili au tatu, kila tabaka likikauka. Harufu yake kila mtu anaijua na hakuna la kufanya juu yake. Papa wamepungua na sifa nayo imekuwa adimu, hivyo wengi sasa hupaka mafuta ya nazi au rangi. Rangi ina sura nzuri, ila hufungia unyevu ndani ikiwa chombo hakijakauka sawasawa.

Kuhusu matengo, msimu wa upepo hafifu ulikuwa mwalimu mkali. Tengo ni ubao uliolazwa kwa mshazari, ncha ya mbele ikiwa juu kidogo kuliko ya nyuma. Chombo kikienda kasi, tengo la demani, upande upepo unakoelekea, linateleza juu ya maji na kuinua upande ulioelemewa. Kasi ikikosekana haliinuki, linazama na kuburuta. Kwa hiyo urefu wa kufunga unaofaa upepo mkali haufai upepo mdogo. Kipimo kizuri: chombo majini, mabaharia wote wamekaa mahali pao, maji yametulia, matengo yote mawili yawe juu ya maji kwa vidole vitatu au vinne. Yakigusa yote mawili kwa pamoja, una breki mbili. Marekebisho hufanywa kwenye vijiti vinavyounganisha tengo na mrengu, kwa hiyo usivikate mfupi wakati wa kuunda. Acha ziada ya kiganja kimoja juu ya fundo. Na farumi, ile mifuko ya mchanga iliyozoeleka Januari, ishushwe pwani siku upepo unapochelewa. Kilo arobaini za mchanga hazina kazi kwenye shwari.

Mirengu mizuri ni ya mvinje ulionyooka. Menya gome siku ya kukata, ining'inize kivulini au ilaze juu ya vibao vilivyo sawa na uiwekee mawe, la sivyo itajipinda kufuata jua. Mikoko ni imara zaidi, lakini kuikata bila kibali ni kosa, na mikoko hulea samaki wadogo. Kwa foromali ya upepo mdogo, mwanzi mkavu uliokomaa unashinda mti wowote kwa wepesi. Tafuta wenye pingili fupi, ufunge kamba kila baada ya pingili mbili ili usipasuke, na usiutumie kusi.

Kamba zina kichekesho chake kwa mtu wa Tanga. Mkonge ulifika nchini 1893 na mkoa huu ukajulikana duniani kwa zao hilo, lakini kwenye maji kamba ya mkonge haidumu kama ya makumbi. Ikilowa na kukauka mara kwa mara inaoza kutoka ndani huku nje ikionekana nzima. Itumie kufungia vitu vya nchi kavu. Kwa kufunga mirengu, kamba ya makumbi bado haina mpinzani: inavutika kidogo mawimbi yanapokunja chombo, inavimba ikilowa na fundo linajikaza lenyewe. Nailoni ina nguvu kubwa, lakini inateleza na inasaga mti. Anayeitumia aanze kwa kuzungushia kipande cha mpira wa baiskeli mahali pa fundo. Kusokota kamba ya makumbi mwenyewe ni burudani nzuri ya jioni za kusi, ila makumbi hufukiwa kwenye mchanga unaofikiwa na maji kwa miezi sita au zaidi kabla ya kupigwa. Ukitaka kamba ya mwaka kesho, yafukie sasa. Ya mwaka huu nunua.

Kazi inayostahili muda mrefu kuliko zote ni tanga. Liloweke kwenye maji baridi usiku mmoja, ulisuuze, ulikaushe kivulini. Chumvi iliyobaki kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewa na tanga haliwahi kukauka kabisa. Ndiko kuvu hutoka. Likikauka, litandaze kwenye sakafu ya baraza au ukumbi, uvute pembe tatu kwa nguvu sawa na uzibane kwa mawe. Sasa inua katikati kwa mkono uone tumbo lake liko wapi. Kwenye tanga zuri, tumbo lipo theluthi moja kutoka ukingo wa mbele. Marikani, kitambaa cha pamba cha tanga, iliyotumika misimu miwili hunyooka, na tumbo hurudi nyuma hadi katikati au zaidi. Upepo unaingia vizuri, halafu unashindwa kutoka: ukingo wa nyuma unajikunja ndani na nguvu inakwenda kukilaza chombo badala ya kukisukuma.

Tiba inayozoeleka ni kukaza kamba ya pindo la nyuma ili lisipigepige. Linanyamaza kweli, lakini kujikunja kunazidi. Tiba yenyewe iko kwenye mishono. Fumua mishono mitatu au minne ya nyuma, kuanzia ukingoni kuingia ndani kama sentimita sitini. Laza vitambaa upya ili ukingoni vipishane kwa upana mdogo kidogo kuliko awali, tofauti hiyo ikipungua taratibu hadi sifuri mwisho wa fumuo. Shona kwa mkono, kwa shazia (sindano kubwa ya matanga) na uzi wa nailoni uliopakwa nta, hatua nne kwa kila inchi. Usishone yote kwa mara moja. Shona mshono mmoja, tandaza tena, tazama. Ukizidisha, tanga linakuwa bapa na upepo mdogo haulioni kabisa. Ukiwa na tanga mbili, acha moja liwe na tumbo kwa ajili ya siku laini, lingine bapa kwa ajili ya kaskazi iliyokomaa. Ukiwa na moja, cheza na kamba za kulifungia kwenye foromali kufuata upepo.

Turubai la plastiki ni rahisi na halinywi mvua, na kwa mvuvi anayekwenda na kurudi halina ubaya. Kwa mbio lina kasoro moja isiyotibika: haliwezi kufundishwa tumbo. Linakaa kama lilivyokatwa mpaka jua litakapolila.

Kutoka hapo tunaingia kwenye mchezo ambao wakubwa hujifanya wanawafanyia watoto. Kingalawa cha kuchonga, urefu wa sentimita sitini hadi sabini, kwa mti mwepesi kama msufi, mirengu ya vijiti vya mvinje, matengo ya mbao za sanduku. Tanga zamani lilikuwa mfuko wa plastiki. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019, kitambaa cha mwavuli uliokufa kimechukua nafasi, nacho ni bora kwa sababu hakinyooki. Mwavuli mmoja unatoa matanga manne. Vishindanishwe maji yakipwa, kwenye vidimbwi vipana vinavyobaki juu ya mchanga, kwa sababu hapo hakuna mkondo wala wimbi na anayeshindwa hana pa kusingizia.

Kingalawa hakina nahodha, kwa hiyo kinasema ukweli juu ya mizani ya tanga na mwili. Usukani wake ufunge uwe umenyooka, ukiachie upepo ukiwa ubavuni. Kikipanda joshi na kugeukia upepo, tanga liko nyuma mno: lalisha mlingoti mbele kidogo au sogeza foromali mbele. Kikikimbia upepo, fanya kinyume. Sogeza kwa milimita chache kila mara na ubadilishe kitu kimoja tu kwa jaribio, la sivyo hutajua kilichosaidia. Kasoro hiyohiyo kwenye ngalawa kubwa nahodha huificha kwa kushikilia kana, mpini wa usukani, bila kujua, na usukani ulioelekezwa pembeni siku nzima ni ubao unaoburutwa siku nzima. Mkono ukichoka kwenye upepo mdogo, angalia mlingoti kabla ya kulaumu mkono. Somo lisilohamishika kutoka kwenye kidogo kwenda kwenye kikubwa ni la uzito: upepo unaoonekana mwanana kwetu ni tufani kwake, hivyo usipime uimara wa mirengu kwa mwanasesere.

Kusi yenyewe, Juni hadi Agosti, haina haja ya kukukalisha barazani moja kwa moja. Asubuhi mapema, kabla haijaamka, kuna saa moja au mbili za kupiga kafi kati ya Raskazone na kisiwa cha Toten, na ndiyo mazoezi bora ya mabega kwa bisho, yaani kwenda dhidi ya upepo, za Januari. Nje ya ghuba, kuelekea Ulenge, usiende na chombo kidogo wakati huo. Wanaokwenda ni wale wanaoishi kwa bahari, nao wana sababu zao.

Septemba ikifika katikati na demani, msimu wa upepo mwanana baada ya kusi, kutulia, rudisha gogo majini kabla ya kufunga chochote. Lifunge kwenye maji ya kina kifupi, ulijaze maji ya bahari nusu, uliache siku tatu hadi nne livimbe. Litavuja siku ya kwanza; usiguse patasi. Linalovuja siku ya nne ndilo la kutafutia pamba. Likishatulia, funga mirengu, simamisha mlingoti, na utweke tanga lililorekebishwa kwenye upepo mdogo wa asubuhi, mtu mmoja akiwa ufuoni kutazama ukingo wa nyuma. Yeye ataona kinachojikunja. Aliye ndani ya chombo haoni.